Mjomba ndiye mlezi wa timu, na mimi ndiye nimepangwa kupuliza kipenga

Shikamoo mama,

Naomba usiandike jina langu wala la timu yoyote. Moshi ni ndogo, ukipiga chafya Pasua unaombewa afya Majengo.

Nina miaka 28. Ni mwamuzi wa mpira wa miguu, daraja la pili, na huu ni mwaka wa saba tangu nifanye kozi ya kwanza. Nilianza na ndondo za mtaani, nashika kibendera bila posho, nikimaliza napewa soda. Nikaingia ligi ya wilaya, sasa nachezesha ligi ya mkoa. Kazi inayonilisha ni ya dukani: nauza vifaa vya ujenzi maeneo ya Mbuyuni, duka la mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mjomba ndiye aliyenilipia ada kidato cha kwanza hadi cha nne, godoro la bweni alilibeba mwenyewe begani, na nilipomaliza akaniweka dukani. Nikiwa na mechi katikati ya wiki ananiruhusu nikabidhi hesabu saa saba mchana niondoke. Mwajiri gani mwingine angekubali? Posho zetu huku chini, ukitoa nauli na sahani ya wali, inabaki hela ya vocha, na wakati mwingine zinachelewa mpaka unasahau ni za mechi gani. Kwa hiyo uamuzi wangu unalishwa na misumari na nondo za mjomba.

Tatizo lilianza mwaka juzi mjomba alipokuwa mlezi wa timu moja ya hapa. Ananunua jezi, analipia gari, wachezaji wanakula kwake siku ya mechi. Kwenye makaratasi ya timu hayumo, na kwa kuwa ni wa upande wa mama, jina lake la ukoo na langu hayafanani. Kamati ya waamuzi hawajui. Sijawahi kuulizwa, na mimi sijawahi kusema.

Msimu huu nimeshaichezesha timu yake mara mbili. Mara ya kwanza walifungwa 2-0, hakuna aliyesema neno. Mara ya pili walikuwa wanaongoza 1-0, dakika kama ya 70, mshambuliaji wa wapinzani akatoka peke yake, akaingia eneo la kumi na nane, beki wa mwisho akamtelezea na kumwangusha. Nilipuliza penalti papo hapo. Halafu mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na kadi ya njano. Jukwaa zima lilinitukania mama. Walitaka nyekundu.

Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu cha sheria, nikasoma sheria ya 12 mara nne. Tangu mwaka 2016, beki akizuia nafasi ya wazi ya bao ndani ya eneo lake la penalti, lakini alikuwa anaugombea mpira, adhabu ni penalti na njano. Nyekundu ni pale anaposhika, anapovuta, anaposukuma, au kama hakukuwa na uwezekano wowote wa kuupata mpira. Kwa hiyo nilikuwa sahihi, kama ni kweli aliuendea mpira. Hapo ndipo usingizi unaponikimbia. Sikumbuki kama niliuona mguu wake ukienda kwenye mpira, au nilitaka kuuona. Penalti yenyewe waliipaisha juu. Timu ya mjomba ikashinda.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua duka, simu ikalia: muamala wa shilingi 50,000 kutoka kwa mjomba. Kisha akapiga, akasema, "Nunua viatu, vile vyako vinatia aibu." Mechi hakuitaja. Ni kweli viatu vyangu vilikuwa vimeshonwa mara mbili. Jioni nikaenda soko la Memorial nikachagua njumu za mtumba, safi kabisa, na ndizo ninazokimbilia mpaka leo.

Sasa timu ya mjomba imeingia sita bora. Mechi yao ya mwisho, ambayo inaweza kuamua bingwa wa mkoa, imebaki wiki tatu, na nimepangwa mwamuzi wa kati. Kilichonitisha ni kwamba mjomba alinipigia kunipongeza kabla katibu wa waamuzi hajanipigia. Jumapili iliyopita tulikuwa Kibosho kwa bibi, mjomba akanimiminia mbege, akaniinamia sikioni: "Siku hiyo ukoo mzima tutakuwepo. Usituangushe, baba."

Mwezi unaofuata nina vipimo vya kupandishwa daraja, Arusha. Nimejiandaa mwaka mzima, kila alfajiri niko Uwanja wa Ushirika nakimbia kwa viwango vya FIFA: mita 40 mara sita, kila moja ndani ya sekunde 6, halafu mizunguko kumi ya uwanja, mita 75 kwa sekunde 15, mita 25 kutembea kwa sekunde 18, mara 40. Ninapita. Umri wa kuanza kuorodheshwa mwamuzi wa kati wa FIFA ni miaka 25, kwa hiyo bado sijachelewa. Nikiona ule uwanja mpya wa AFCON 2027 pale Olmoti, Arusha, najiambia labda si hiyo, lakini siku moja.

Mama anasema chezesha tu, Mungu anaona. Mchumba wangu anasema acha uamuzi, umeshakutoa damu mara moja na hela haukupi. Mimi nimefikiria kujifanya nimetegua kifundo cha mguu wiki ya mechi. Nikisema ukweli kwa kamati, wataniuliza siku zote nilikuwa wapi, na daraja nitalisahau. Nikimkatalia mjomba, nitakuwa mtu aliyelishwa akauma mkono. Nikichezesha, sijui macho yangu yataona nini. Mwamuzi wa kweli hana ndugu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi ninaye. Nifanye nini?

Mpuliza Kipenga, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza ndani ya Coaster, kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, konda akiwa ananidai nauli na mimi simsikii. Niliisoma tena nyumbani. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu aliyeshika kibendera miaka mingi, na kipenga chake bado kinaning'inia kwenye msumari jikoni, kwa hiyo usidhani unamweleza mtu asiyejua harufu ya chumba cha waamuzi.

Umeniuliza kuhusu mechi ya wiki tatu zijazo. Lakini mstari ulioniuma ni ule wa mguu wa beki. Mjomba, kamati, daraja, mchumba, hao wote wako nje yako na unaweza kuzungumza nao. Macho yako mwenyewe ndiyo umeanza kuyashuku, na hayo huwezi kuyaacha dukani ukienda uwanjani. Kwa hiyo naomba nianzie hapo, hata kama hukunituma huko.

Kuna watafiti wa Uingereza waliowahi kuwakusanya waamuzi 40 wenye sifa, wakawaonyesha mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester City, matukio 47 ya wachezaji kukabiliana. Wengine waliangalia wakisikia kelele za mashabiki, wengine walifungiwa sauti. Waliosikia kelele waliwapulizia wenyeji faulo chache zaidi, pungufu kwa kama asilimia 15. Utafiti ulichapishwa mwaka 2002. Wale watu hawakuwa na mjomba uwanjani. Hawakuwa hata uwanjani, walikuwa wamekaa mbele ya televisheni! Kelele tu ziliwafikia masikioni zikashuka hadi kwenye kipenga.

Nakwambia hili kwa sababu umejiwekea kipimo ambacho hakuna binadamu anayekipita. Unataka kujua kwa yakini kwamba siku ile undugu haukukugusa hata kidogo. Hutajua. Ungekuwa na mkanda wa video wa pembe nne ungejua mguu ulikwenda wapi, lakini bado usingejua kwa nini mkono wako ulitoka na njano. Sheria yenyewe, ya 5, haikuruhusu kubadili uamuzi mchezo ukishaanzishwa upya, na mchezo ule ulishaanzishwa zamani. Swali ninalokubakizia ni dogo zaidi: je, ulimuuliza mshika kibendera wako aliyekuwa upande ule aliona nini? Si kwa kujitetea. Muulize tu, kama waamuzi wanavyoulizana wakila chips baada ya mechi. Akisema aliona mguu ukienda kwenye mpira, utapumua. Akisema hakuona hivyo, utakuwa umejua jambo zito, lakini utakuwa umelijua, na hilo ni afadhali kuliko kuliota kila usiku.

Sasa tuje kwa mjomba. Umeandika kana kwamba ni wazi anataka umbebe. Nimeyahesabu maneno yake uliyoninukulia: "nunua viatu" na "usituangushe". Mjomba wa Kichaga anayemwambia mpwa wake usituangushe, mbele ya bibi, akimmiminia mbege, anaweza kuwa anasema ukoo mzima tutakuja kukuona ukichezesha mechi kubwa, usitetemeke. Mtoto aliyembebea godoro sasa anasimama katikati ya uwanja na watu wazima 22 wanamtii. Hujafikiri kwamba huenda anakuonea fahari?

Sitaki pia kukudanganya. Elfu hamsini iliyoingia asubuhi baada ya mechi ile haisomeki kirahisi hivyo. Viatu vyako vilikuwa vibovu wiki iliyotangulia pia. Na hili la kujua upangaji kabla yako, mimi lilinifanya niweke barua chini. Inawezekana ni umbea wa mjini tu, maana Moshi siri ya ofisi inafika stendi kabla ya mwenye ofisi. Inawezekana pia kuna mtu ndani anayezungumza naye. Na kama yupo, basi wasiwasi wako kwamba kamati hawajui undugu wenu nao una tundu. Huenda yupo anayejua vizuri, na ndiyo sababu umepangwa wewe. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kabla hujachagua la kufanya, itafaa ujue umesimama wapi, na mtu pekee wa kukuambia ni mjomba mwenyewe.

Hapo najua utasema, mama, nitamwanzia wapi? Nami nakuuliza: unadhani deni lako kwake ni la nini hasa? Alipokulipia ada ya kidato cha kwanza ulikuwa mtoto aliyefiwa na baba. Hakujua utakuja kuwa mwamuzi, wala yeye hakuwa mlezi wa timu. Alifanya kwa ajili ya dada yake. Sasa wewe umelichukua lile tendo la miaka ile ukaliwekea bei leo, na bei yenyewe umeipanga peke yako, bila mwenye mali kutaja. Huenda nawe unamkosea kidogo. Au huenda akitaja utasikia ni bei ileile uliyoiogopa. Yote mawili yanawezekana, na mojawapo litakuuma.

Kuhusu ule msemo kwamba mwamuzi wa kweli hana ndugu, mimi siuamini. Mume wangu alikuwa na ndugu wengi, nusu yao walikuwa wanakula kwetu. Mpira wenyewe unajua kwamba waamuzi wana kwao, ndiyo maana mechi za kimataifa hupewa waamuzi wa nchi ya tatu. Kule Uingereza, ambako tangu mwaka 2001 wapo waamuzi wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, Michael Oliver anajulikana kuwa shabiki wa Newcastle United, na kwa hiyo hapangiwi mechi za Newcastle. Anachezesha timu nyingine kubwa, na kuwa na timu anayoipenda hakujamnyima kazi. Kanuni za maadili za FIFA nazo zinamtaka mhusika autangaze mgongano wa maslahi. Hazimtaki awe yatima.

Kwa hiyo kusema "naomba nisipangwe mechi hii, kuna undugu" ni neno la kawaida katika kazi yenu. Ugumu wako ni kwamba hukulisema mwanzo wa msimu, na sasa linasikika kama ungamo. Hilo ni kweli na sitalipunguza. Kuna namna mbili za kulisema na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kumpigia katibu leo, ukasema timu ile ina mtu wa familia yangu, naomba mwingine apangwe. Maneno kumi, simu inakatwa. Wiki tatu ni muda wa kutosha kumpata mwingine, siku mbili sio. Mwiba wake ni kwamba mtu mwenye akili atarudi kwenye ratiba, ataona ulishawachezesha mara mbili, na atauliza. Utalazimika kuwa na jibu, na jibu likiwa nusu litakuwa baya kuliko kunyamaza.

Au unaweza kwenda mwenyewe, ukae, ueleze yote pamoja na muamala. Hapo hakuna wa kukushika baadaye na jambo lolote. Lakini ukishasema umepokea hela kutoka kwa mlezi wa timu, hujui wao watalazimika kufanya nini nalo. Wanaweza kukuonya wakakushukuru, wanaweza kukusimamisha, na daraja lako la mwezi ujao likaondoka na upepo. Mimi si kamati, siwezi kukuahidi. Na kumbuka utakuwa umemtaja mjomba mahali ambapo hayupo kujieleza. Kama ungechagua njia hii, nani anafaa asikie kwanza, yeye au wao? Fikiri sana kuhusu mpangilio huo. Mzee akisikia kutoka kwako, sebuleni kwake, anaweza kukasirika. Akisikia kutoka kwa watu wa mpira kwamba mpwa wake alimshtaki, hiyo hasira ni ya aina nyingine, ya kupelekewa isale, lile jani la kuombea msamaha Uchagani, na wazee.

Habari ya kifundo cha mguu imenichekesha, nisamehe. Mwanangu, utachechemea vipi dukani mbele ya mjomba wiki nzima, ukipanda ngazi kushusha mabati, halafu mwezi ujao ukakimbie mita 40 kwa sekunde 6 Arusha? Uongo huo utauvaa kama plasta. Sikatai kwamba utakuondoa kwenye mechi bila kelele, na huenda ndiyo njia ambayo watu wengi wangepita, wengine wazuri tu. Lakini timu itakuwepo msimu ujao, mjomba atakuwepo, na una miguu miwili tu ya kutegua.

Kuchezesha je? Mama yako anasema Mungu anaona, na anakuamini, mshukuru. Wewe umeogopa kwamba utaibeba timu ya mjomba. Mimi nina hofu nyingine ambayo hukuiandika. Naogopa utaionea. Naogopa dakika ya 85 beki wao atagusa kitu kisicho faulo, na wewe, ili ulale usingizi siku hiyo, utapuliza. Vijana 11 waliofanya mazoezi mwaka mzima watalipia elfu hamsini ambayo hawajui kama ilitumwa. Nimewahi kumwona mwalimu aliyemfundisha mwanawe darasani: kila aliyekosa alipigwa fimbo mbili, mtoto wake nne. Watu walimsifu kwa haki. Yule mtoto mpaka leo hasemi hivyo.

Na ipo njia ya kupindisha matokeo kwa makusudi, ambayo mwisho wake unaujua kwa kuwa umesomea kazi hii, sina haja ya kukutisha nayo. Novemba 2016, Afrika Kusini na Senegal, kufuzu Kombe la Dunia: mpira uligonga goti la Kalidou Koulibaly, beki wa Senegal, mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana akatoa penalti ya mkono. Mwaka 2017 FIFA wakamfungia maisha, mechi ikarudiwa, Senegal wakashinda 2-0. Wewe hauko huko, wala sioni ukielekea huko. Nimeitaja kwa sababu nadhani unailala nayo, na ni vizuri kuitoa chini ya godoro ukaiangalia mchana: yule alitoa penalti isiyokuwepo. Wewe ulitoa penalti iliyokuwepo, dhidi ya timu ya mjomba wako, bila kusita. Katika barua nzima hilo hukujihesabia hata mara moja.

Mchumba wako nimemwacha mwisho lakini sijamdharau. Anaposema acha, anasema kama mtu aliyekuosha damu. Uamuzi wa mpira kwa ngazi yako hauendeshi nyumba, na hata ukipanda daraja itachukua miaka kabla posho hazijawa kitu cha kupangia bajeti. Lakini sikusikia katika barua yako mtu aliyechoka na kipenga. Mtu aliyechoka hakimbii Ushirika alfajiri kwenye baridi ya Moshi ya mwezi wa saba. Kama ungeacha leo, ungekuwa umeacha uamuzi, au ungekuwa umemkimbia mjomba? Na je, umewahi kuliangalia jambo kwa upande wa pili, kwamba huenda kinachokubana ni duka? Jonesia Rukyaa, aliyechezesha Simba na Yanga mwaka 2016, hakushuka na beji kutoka mbinguni. Waamuzi wengi nchini ni walimu, askari, wafanyabiashara wadogo, watu wenye kazi nyingine inayowapa ruhusa ya saa saba mchana. Kupata nyingine ya namna hiyo Moshi si rahisi, tena kumwachia mjomba duka katikati ya haya yote kunaweza kusomeka kama tusi. Nalitaja tu kwa sababu umeliandika kama ukuta, na mimi naona kama mlango uliokwama.

Bado viatu. Umesema unavikimbilia mpaka leo, na nadhani kila ukivifunga kamba unaikumbuka ile simu. Unaweza kumrudishia mzee elfu hamsini yake. Usiirudishe kwa simu, tafadhali, muamala unaorudi bila maneno kwa mjomba ni kofi. Unaweza kumwambia kwa mdomo, mjomba, zile hela naomba ukate kwenye mshahara wangu, maana zikikaa hivi watu watanisema. Au unaweza kuvikimbilia hivyohivyo kwa kuwa vilinunuliwa na mzee aliyechoka kuona viatu vilivyoshonwa. Sijui kati ya hizo ipi ni kweli. Nadhani wewe ukimwangalia usoni utajua kabla hajamaliza sentensi.

Kama utakwenda kuzungumza naye, mimi ningechagua Kibosho kuliko dukani, asubuhi kuliko jioni, na kabla mbege haijafika mezani. Nenda na mama yako kama moyo unakuambia, maana yeye ndiye dada wa mtu, na kuna maneno ambayo dada anaweza kumwambia kaka yake na mpwa hawezi. Anza na godoro. Kisha mwambie kuhusu beki.

Na ukiniandikia tena, iwe umechezesha au hukuchezesha, niambie yule mshika kibendera alisema aliona nini.